Mwanasheria wa Kampuni, Zamani na Sasa

Muhula huu Mhariri ameniomba niandike somo moja litakalowafaa wanafunzi wa Biashara na wa Historia kwa pamoja, nami nimechagua kazi ambayo wengi wetu twaisikia kwa jina tu. Kila kampuni kubwa ina mtu wake wa sheria. Simsemi wakili wa mjini ambaye kampuni humwendea ikishitakiwa, ikamlipa ujira wake, kisha wakaachana. Namsema yule aliyeajiriwa humo humo, apataye mshahara mwisho wa mwezi kama karani na mhandisi, mwenye meza yake na kabati lake la majalada, na aliye mkubwa wa wanasheria wote wa kampuni ile. Wengine humwita Mkurugenzi wa Sheria, wengine Mshauri Mkuu wa Sheria, na mara nyingi huwa ndiye pia Katibu wa Kampuni, maana Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 yataka kila kampuni iwe na katibu. Tafadhali msimchanganye na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Huyo ametajwa katika Katiba, huteuliwa na Rais, na mteja wake ni Serikali yenyewe.

Sisi watu wa Kilwa na Lindi tuna sababu ya kumjua mtu huyu kuliko watu wa mikoa mingi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya Kiitalia iitwayo AGIP, ikalala ardhini miaka 30, na mwaka 2004 ikaanza kwenda Dar es Salaam kwa bomba lipitalo baharini kilomita 25 na nchi kavu kilomita 207. Mwaka 2015 likafunguliwa bomba jingine, kubwa zaidi, litokalo Mtwara, nalo lapita Somanga katika wilaya yetu. Kule Ruangwa watu wanachimba madini ya kinywe. Likong'o, karibu na Lindi mjini, ardhi imetengwa kwa kiwanda cha kusindika gesi ya bahari kuu. Vitu hivyo vyote, kabla havijawa chuma na vumbi, vilikuwa karatasi, na kila karatasi ilipita mkononi mwa mtu wa sheria. Basi mtu akitazama katapila tu asitazame kalamu, ameona nusu ya habari.

Tuanze na mambo ya kale, maana Kilwa ilijua mikataba kabla mji wa Dar es Salaam haujajengwa. Tarehe 14 Septemba 1776 Sultani wa Kilwa, Hasan bin Ibrahim, alifanya mkataba na Mfaransa mfanya biashara aliyeitwa Morice. Ulikuwa mkataba wa jambo ovu, nao wapaswa kusomwa kwa huzuni. Sultani aliahidi kumpa Morice watumwa 1000 kila mwaka, kwa bei ya piastre 20 kila kichwa, na Sultani mwenyewe apewe piastre 2 kwa kila mmoja kama bakshishi. Wanafunzi wa Historia huishia hapo, na uovu wake watosha kabisa. Lakini mimi nataka tuusome tena kama asomavyo mwanasheria. Imo ndani yake sharti ya kwamba mtu mwingine awaye yote, akiwa Mfaransa, Mholanzi au Mreno, asiweze kununua watumwa hata Morice awe amekwisha kupata wake na hataki zaidi.

Yatazameni maneno hayo ya mwisho, "na hataki zaidi". Nani atajua ya kuwa Morice hataki zaidi? Ni Morice mwenyewe. Mlango wa biashara yote ya kisiwa ulitiwa kufuli, na ufunguo ukawekwa mfukoni mwa mtu mmoja wa upande wa pili. Mtu wa sheria aketiye kando ya mtawala, au kando ya mkurugenzi, kazi yake ya kwanza ni kutia kidole penye maneno kama hayo na kuuliza, "Bwana mkubwa, ufunguo huu anaushika nani?" Katika mkataba ule sioni dalili ya kuwa palikuwa na mtu wa upande wa Kilwa aliyeuliza.

Shauri la pili ni la mwaka 1888, na hili lahusu kampuni hasa. Tarehe 28 Aprili mwaka ule, Sultani Khalifa wa Unguja aliwakodisha Wajerumani wa Kampuni ya Afrika Mashariki pwani ya bara kwa muda wa miaka 50, wapate kutawala na kutoza ushuru wa forodha kwa jina lake. Mwezi wa Agosti maafisa wa kampuni wakaingia bandarini, nao wakapandisha bendera yao. Yaliyofuata mwayajua. Mwezi wa Septemba pwani nzima iliwaka moto. Hapa Kilwa Kivinje maafisa wawili wa kampuni waliuawa, na wale wa Lindi na Mikindani wakakimbilia baharini. Kabla mambo hayajatulia ilibidi Serikali ya Ujerumani ilete askari, na baada ya muda mfupi kampuni ikaondolewa katika kazi ya kutawala.

Kwa karatasi kampuni ilikuwa na haki yake kamili. Mkataba ulikuwa na sahihi, muhuri na tarehe. Lakini hakuna aliyewauliza watu wa Kilwa, wala majumbe, wala matajiri wa misafara, ambao kwao forodha ilikuwa ndiyo chakula. Kampuni ilikuwa na maafisa, bendera na bunduki. Kama ilikuwa na mtu wa kusema, "Ngojeni, sahihi hii haitoshi," basi sauti yake haikusikika. Nimeweka shauri hili hapa makusudi, kwa sababu ndilo litufikishalo kwenye mabadiliko ninayotaka kuyaeleza. Zamani mwanasheria wa kampuni aliulizwa, "Je, twaruhusiwa?" Siku hizi huulizwa hilo, na baada yake huulizwa jambo gumu zaidi, "Je, yafaa, na itakuwaje baadaye?"

Mabadiliko hayo hayakuanza kwetu. Katika karne ya 19, kampuni za reli za Marekani zilikuwa na wanasheria wao wakubwa waliokuwa watu wa heshima kabisa, kwa sababu reli haiendi hatua moja bila kukutana na shamba la mtu. Baadaye, katikati ya karne ya 20, heshima hiyo ilipungua. Mawakili wa mijini walijikusanya katika ofisi kubwa kubwa, wakawa wao ndio washauri wa wakurugenzi, na mwanasheria aliyeajiriwa ndani akabaki mtunza mafaili, mtu wa kuandika mikataba midogo na kupeleka mashauri makubwa nje. Watu wakadhani ya kuwa amekwenda huko kwa kushindwa uwakili. Mwaka 1987 kampuni ya General Electric, chini ya Jack Welch, ikamwajiri Ben Heineman awe mwanasheria wake mkuu. Huyu akaanza kuwachukua mawakili hodari kutoka ofisi za nje na kuwaweka ndani, katika kila tawi la kampuni, na yeye mwenyewe akaketi karibu na mkubwa wa kampuni mashauri yanapokatwa. Kampuni nyingine zikaiga. Sababu moja ilikuwa fedha tu, kwani mawakili wa nje hulipwa kwa saa, na saa zao ni ndefu.

Hapa Tanzania habari ilikwenda kwa njia yake yenyewe. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 Waafrika waliosomea sheria walikuwa wachache mno. Ndiyo maana kitivo cha kwanza kabisa cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa cha Sheria, kilichofunguliwa Oktoba 1961 na wanafunzi 14 katika jengo la TANU mjini. Mmoja wao tu alikuwa mwanamke, Bibi Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Miaka sita haijatimia, Azimio la Arusha la mwaka 1967 likatangazwa, na mabenki, mabima, viwanda na mashamba ya mkonge yakaingia mikononi mwa umma. Ghafla nchi ikawa na mashirika mengi na wanasheria kidogo. Dawa iliyotumika ilikuwa ya kijamaa hasa: likaundwa shirika moja la sheria la kuyahudumia mashirika mengine, Tanzania Legal Corporation. Kila shirika lililokuwa na shauri lilipeleka huko, kama vile nyumba kadhaa zitumiavyo kisima kimoja.

Mpango ule ulikuwa na akili yake, nami sipendi wauchekao. Lakini mwenye kisima hajui nani nyumbani ana kiu ya namna gani. Mtu wa sheria aliye mbali hupelekewa karatasi wakati mambo yamekwisha kuharibika. Basi polepole mashirika yakaanza kuwa na maafisa sheria wao, na yalipokuja mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990, wawekezaji wa nje wakaja na mikataba minene kama msahafu, ikawa hapana budi kila shirika liwe na mtu wa kuusoma ukurasa wa kwanza hata wa mwisho. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, yaani TPDC, liliundwa kwa tangazo la Serikali la mwaka 1969, na hilo ndilo lililokuwa upande wetu katika meza ya Songo Songo.

Sasa naomba mniangalie vizuri, kwa maana Songo Songo ni darasa zuri kuliko vitabu vingi. Mikataba yake mikubwa ilitiwa sahihi Oktoba 2001. Kwa mikataba ile gesi ilipewa majina mawili. Ya kwanza iliitwa gesi iliyolindwa, nayo iliwekwa akiba kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Songas pale Ubungo, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, na umeme wa kijiji. Hiyo haikulipiwa bei ya gesi yenyewe; kilicholipwa ni gharama za kuisafisha na kuipitisha bombani. Ya pili iliitwa gesi ya ziada, nayo kampuni ya PanAfrican Energy ikawauzia wateja wengine kwa bei, ikagawana mapato na TPDC.

Gesi hiyo yatoka shimo moja. Yasafishwa katika mtambo mmoja, yapita bomba moja. Mpe mhandisi kikombe cha gesi ya kwanza na kikombe cha ya pili, hawezi kuzitenga kwa jicho wala kwa pua wala kwa kipimo. Kitu pekee kinachozitenga ni karatasi. Mtu wa sheria ndiye aliyeigawa gesi ambayo mashine haiwezi kuigawa, na mamilioni ya dola yalitegemea mgawo huo kwa miaka 20. Kisha, tarehe 31 Julai 2024, muda wa gesi iliyolindwa ukaisha, na mwaka huo huo mitambo ya Songas ikasimama baada ya mkataba wake wa kuuza umeme kwisha. Leseni yenyewe ya kuchimba ilitolewa kwa miaka 25, yaani hata Oktoba 2026. Mwanafunzi anayedhani mkataba ni jambo la siku ya kutia sahihi, na picha, na kupeana mikono, na azihesabu tarehe hizo. Walioandika mwaka 2001 walikuwa wakiwaandikia watu wa mwaka 2024, ambao wengine walikuwa hawajazaliwa.

Kwa hiyo mwanasheria wa ndani ni mtu wa kukumbuka. Wakurugenzi huja na kuondoka. Wahandisi huhamishwa. Kampuni zenyewe huuzwa: Songas ilikuwa mkononi mwa AES ya Marekani, na mwaka 2003 ikaingia mkononi mwa Globeleq. Jalada hubaki, na anayelijua jalada ana nguvu ambayo haionekani katika cheo chake.

Niwape mfano wa kubuni, tuone kazi yake kwa siku ya kawaida. Tuseme kampuni fulani yataka kupitisha bomba katika mikorosho ya kijiji kimoja upande wa Somanga. Mwanasheria wa zamani angeitwa mwisho, wakati mashine ziko njiani, aandike hati ya mauzo. Mwanasheria wa sasa huingia mwanzo. Huuliza, ardhi hii ni ya kijiji au ya jumla? Ikiwa ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema haiwezi kupewa kampuni hivi hivi. Sharti ihamishwe kwanza, na eneo likiwa hekta 250 au pungufu, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Huuliza, mthamini amekuja lini? Maana hesabu ya mthamini ina umri wake. Ikipita miaka 2 imekufa, na kazi yaanza upya. Huuliza, fidia iko benki au iko katika ahadi? Fidia ikicheleweshwa kupita miezi 6 huzaa riba. Huuliza kama cheti cha mazingira kimepatikana chini ya sheria ya mwaka 2004. Mkurugenzi akimwambia, "Wewe watuchelewesha," hujibu kwa adabu, "Bwana Mkurugenzi, naomba tuchelewe wiki sita sasa, tusije tukachelewa miaka sita mahakamani."

Hapo hapo pana jambo la lugha. Nilipata kuhudhuria mkutano mmoja wa kijiji, sitaji kijiji wala kampuni, ambako mwanasheria kijana alisoma waraka wa kurasa nane kwa Kiingereza safi kabisa, kisha mkalimani akautafsiri wote kwa dakika tatu. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia yake, akasema, "Mwanangu, tumekusikia. Sasa zile kurasa nyingine zimekwenda wapi?" Watu wakacheka, lakini mkutano ukavunjika, na haukuitishwa tena hata miezi ikapita. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania. Mikataba mikubwa bado huandikwa kwa Kiingereza, basi mwanasheria wa kampuni asiyeweza kumweleza mvuvi wa Songo Songo kwa Kiswahili fasaha nini maana ya ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mapato na ulikwenda kwa Halmashauri, huyo kwa maoni yangu hajamaliza masomo.

Sasa niseme habari ya kuvunja mkataba, maana watu hupenda sana kusema, "Mkataba mbaya tuuvunje." Mwaka 2008 TANESCO ilivunja mkataba wa umeme na kampuni ya Dowans, mkataba uliotokana na ule wa Richmond uliomfanya Waziri Mkuu ajiuzulu mwezi wa Februari mwaka ule ule. Novemba 2010 baraza la usuluhishi la kimataifa likaamua TANESCO ilipe zaidi ya dola milioni 65. Mimi siutetei mkataba ule, wala sijui mtu mwenye akili anayeutetea. Lakini kuna milango mingi ya kutokea katika mkataba, na mmoja tu pengine ndio usiotozwa nauli. Kuujua mlango huo ndiyo kazi ya mwanasheria wa ndani, na ni kazi ya kabla barua haijapelekwa posta.

Serikali nayo ilijifunza. Julai 2017 Bunge lilipitisha sheria mbili juu ya mali asili: moja yasema migogoro juu ya mali hiyo iamuliwe na vyombo vya hapa nchini kwa sheria za hapa, na nyingine yalipa Bunge uwezo wa kutaka masharti ya kinyonyaji yazungumzwe upya. Kanuni za madini za mwaka 2018 zikataka kampuni inayohitaji huduma ya sheria hapa nchini imtumie mwanasheria wa Tanzania. Kwa mwanasheria wa kampuni ya kigeni hili lilikuwa tetemeko. Alizoea kumwambia bwana wake aliye ng'ambo, "Tukigombana tutakwenda London." Sasa sharti amwambie, "Tusigombane."

Nadhani hiyo ni sababu moja ya mazungumzo ya kiwanda cha Likong'o kuwa marefu kama tulivyoyaona. Mwaka 2021 kampuni ya Equinor ilifuta katika vitabu vyake thamani ya mradi ule, karibu dola milioni 982. Juni 2022 mapatano ya awali yakatiwa sahihi Dodoma. Mei 2023 ikatangazwa ya kuwa mazungumzo yamekwisha. Mwaka 2023 ukaisha na 2024 ukaisha, na mkataba wenyewe, uitwao Mkataba wa Nchi Hodhi, haujatiwa sahihi. Vijana wa Lindi waliojenga nyumba za kupangisha wafanyakazi wa kiwanda walisumbuka, na si ajabu wakiwalaumu wanasheria. Mimi nawaonea huruma vijana hao. Lakini mradi uliokadiriwa dola bilioni 42, wa miaka 30 na zaidi, haufai kuandikwa kwa haraka ili nyumba zipate wapangaji.

Kwa upande wa mashirika ya umma pametokea badiliko jingine, ambalo halisemwi sana. Mwaka 2018 iliundwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 mtu akilishitaki shirika la umma sharti amuunganishe na Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kutoa notisi ya siku 90. Maana yake ni kwamba mwanasheria wa shirika amejua kesi yake tangu ilipokuwa yai, lakini ikifika mahakamani mwingine ndiye asimamaye na kusema. Faida yake naiona, kwamba shirika moja haliwezi tena kukubali deni kubwa kimya kimya bila Serikali kujua. Hasara yake naiona pia. Asemaye hajanusa jalada. Twarudi kidogo kwenye kile kisima kimoja cha miaka ya 1970, ingawa kamba ni mpya.

Limebaki swali ambalo wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliniuliza katika mdahalo, nami niliahidi kulijibu kwa maandishi: mwanasheria wa kampuni ni mtu wa nani? Kwa sheria jibu ni rahisi. Mteja wake ni kampuni, wala si mkurugenzi. Kampuni ni mtu wa kisheria asiye na mdomo wala mkono, basi husema kwa mdomo wa wakurugenzi, na taabu yaanzia hapo hapo, kwa kuwa mwenye kumpa mwanasheria likizo, na kumpandisha cheo, na kumfukuza, ni mkurugenzi yule yule ambaye pengine ndiye anayemwibia mteja.

Mwaka 2001 kampuni ya Enron ya Marekani ilianguka kwa hesabu za uongo. Kabla haijaanguka, mfanya kazi mmoja, Bibi Sherron Watkins, alimwandikia mkubwa wa kampuni kumwonya. Kampuni ikaagiza uchunguzi, ikawapa kazi hiyo mawakili wa ofisi ile ile iliyokuwa imeshiriki katika mambo ya kampuni. Matokeo yake mnaweza kuyakisia. Mwaka 2002 Marekani ikatunga sheria, na kwa sheria hiyo mwanasheria akiona ushahidi wa udanganyifu katika kampuni inayouza hisa kwa umma yampasa ampelekee habari mwanasheria mkuu au mkurugenzi, na asiposikilizwa apande juu hata kwenye bodi. Kwa upande wao majaji wa Ulaya, katika shauri la Akzo Nobel la mwaka 2010, waliamua ya kuwa katika uchunguzi wa mambo ya ushindani wa biashara, barua kati ya kampuni na mwanasheria wake wa kuajiriwa hazina ulinzi wa siri, kwa sababu mtu apokeaye mshahara hawezi kuwa huru sawasawa na wakili wa nje.

Uamuzi ule uliwaudhi wanasheria wengi. Mimi naona majaji walisema kweli ngumu, ingawa dawa yao ni kali. Wako wasemao ya kuwa mwanasheria akae nje ya mambo ya biashara, abaki na vitabu vyake, ndipo awe safi. Sikubali. Mtu asiyekuwamo barazani haoni moto unapowashwa. Huitwa kuja kuzima. Na awemo, lakini kwa masharti. Kuajiriwa kwake na kufukuzwa kwake kuwe ni kwa idhini ya bodi nzima, asiachwe mikononi mwa mkurugenzi peke yake. Na asilipwe kwa kadiri ya faida ya mwaka. Mhandisi akipewa bakshishi kwa kumaliza bomba mapema ni sawa. Mwanasheria akipewa bakshishi hiyo hiyo, ni nani atakayesema fidia haijalipwa?

Kwa wale wanaofikiri kuifuata kazi hii, njia yenyewe ni hii. Baada ya Kidato cha Sita ni shahada ya sheria, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndipo uapishwe na Jaji Mkuu kuwa wakili. Msidanganyike kuwa ni njia laini. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ambayo kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, hata Serikali ikaunda kamati kuchunguza. Na anayetaka kuingia katika kampuni za gesi au madini afanye zaidi ya hapo: ajifunze kusoma mizania, aelewe mita ya gesi inavyosomwa, na asiache hesabu Kidato cha Pili kwa sababu eti yeye ni mtu wa lugha.

Kazi ya muhula ujao kwa Kidato cha Tatu. Kwanza, chukueni mkataba wa kukodisha mashua ya uvuvi kwa msimu mmoja, muuandike kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, kisha mpeni mvuvi ausome, na muandike kila neno alilouliza maana yake. Pili, jadilini: iwapo mwanasheria wa kampuni amegundua ya kuwa bomba limepitishwa mita 20 nje ya mpaka uliopimwa, ndani ya shamba la mjane asiyejua, na mkurugenzi amemwambia anyamaze hata hesabu za mwaka zifungwe, afanye nini Jumatatu asubuhi, na amwandikie nani? Majibu yaletwe kwangu kabla ya wiki ya tatu.